Prosesa kuingia kwenye soketi haimaanishi itawaka

Watu wengi wanaamini prosesa ikishaingia tu kwenye soketi basi mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) itaikubali. Jamani, si kweli kabisa. Chukua LGA1151 ya Intel, mazabodi ya Z270 ina hiyo soketi na prosesa ya Core i7-8700K ya 2017 inakaa humo vizuri tu, hadi kile kichuma cha kubana kinafunga bila shida, ila ukiwasha hupati picha maana inataka mazabodi yenye chipseti (chipu inayosimamia mazabodi) za mfululizo wa 300, na Z270 si ya humo. Kwa AMD afadhali, mazabodi ya B450 inapokea prosesa za Ryzen 5000 ila lazima BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) iwe imesasishwa; isiposasishwa haiwaki, na hapo ndo wengi wanadhani prosesa imekufa. Kabla hujalipa ingia tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, tafuta modeli ya prosesa yako na toleo la BIOS inalotaka.