Je, wajua kwa nini maandishi ya buluu hupotea juu ya skrini nyeusi?

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayefungua dirisha la amri la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa mara ya kwanza hukuta majina ya folda yameandikwa kwa buluu juu ya weusi, naye hulazimika kusogeza uso ili ayasome, ilhali majina ya kijani yaliyo jirani anayaona hata akiwa ameegemea kiti. Huenda macho yake hayana kasoro yoyote.

Skrini hutengeneza rangi zake zote kwa mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Zote tatu zikiwaka kikamilifu tunaona nyeupe, lakini katika mng'ao wa nyeupe hiyo kijani huchangia takriban asilimia 72, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Chembe za jicho zinazoitikia zaidi buluu ni chache, na katikati kabisa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), sehemu ile ile tunayosomea, karibu hazipo. Kwa hiyo buluu hupendeza ikitandazwa kwenye eneo kubwa, ila haiwezi kuchora vizuri ukingo wa herufi nyembamba.

Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika kwa wote, WCAG, hupima jambo hili kwa uwiano wa mng'ao. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1. Buluu kavu juu ya nyeusi hupata 2.4 tu, ihamishie juu ya nyeupe, nayo hupanda hadi 8.6. Njano, ambayo hung'aa sana gizani, juu ya nyeupe hubaki na 1.07, yaani ni kama haipo. Rangi, basi, haisomeki wala haikosi kusomeka peke yake. Inategemea imewekwa juu ya nini.

Hata mipangilio ya rangi za skrini iliyobuniwa kwa uangalifu ina mipaka yake. Solarized, aliyoitoa Ethan Schoonover mwaka 2011, hutumia rangi zile zile kwenye usuli wa giza na wa mwanga, na kwa makusudi hupunguza ukali wa tofauti. Ndani ya chumba inatuliza. Lakini maandishi ya kawaida ya toleo lake la mwanga yana uwiano wa 4.1 hivi, na kwa anayefanya kazi barazani wakati wa jua kali la Katanga, mimi nisingempendekezea. Huko nje, herufi nyeusi juu ya nyeupe hushinda.

Wapo wanaochagua weusi ili betri idumu umeme unapokatika. Hilo hufaa kwenye skrini za OLED, ambazo nukta zake nyeusi huzimika; kwenye LCD, taa ya nyuma huendelea kuwaka vile vile.

Ukitaka kupima mpangilio wako, geuza skrini iwe ya kijivu kwa muda: neno linalofifia hapo lilikuwa linategemea rangi tupu, na huenda likamtatiza pia mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Anza na maelezo ambayo mwandishi wa programu huyaacha kati ya mistari ya msimbo. Mipangilio mingi huyapaka kijivu hafifu, uamuzi ambao sijawahi kuuelewa, kwa kuwa anayejifunza huyahitaji kuliko kitu kingine chochote kilichomo katika faili.