Mwacheni mtoto ahesabu kwa vidole

Kwenye kikao cha wazazi mwezi huu mama mmoja alisimama akaniomba nimkataze mwanawe wa darasa la kwanza kutumia vidole, eti vinamfanya mzito. Baba aliyekaa nyuma yake akadakia kwamba yeye humwambia wa kwake afumbate mikono mgongoni, akili ifanye kazi. Nafundisha madarasa ya chini hapa Dodoma na maneno haya nayasikia kila muhula, hata kwa walimu wenzangu. Yamenichosha.

Mtoto anayehesabu kwa vidole anafikiri. Cha kuangalia ni namna anavyovitumia.

Mpe 8 + 3. Mmoja atahesabu vidole vinane kimoja kimoja kuanzia moja, kisha atafute vitatu vingine. Vitamwishia, aazime vya jirani. Mwingine atashika nane kichwani, atanyanyua vitatu tu: tisa, kumi, kumi na moja. Wote wametumia vidole, lakini huyu wa pili amevuka hatua ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote za mwaka huo. Ukimfungia mikono huoni yuko hatua gani. Na wala hataacha: atahesabu kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu, au kwa ulimi kwenye meno, nawe utadhani ameendelea.

Yupo pia anayepata 10. Huyu ananiuma zaidi, kwa sababu anawekewa kosa na kupitwa, wakati anakaribia kabisa. Ameendelea kutoka nane, ila kidole cha kwanza amekipa nane yenyewe: nane, tisa, kumi. Mwambie, "Nane tayari tunazo. Inayofuata?" Rudia kwa upole mpaka azoee.

Vidole haviachwi kwa amri. Mtoto huviacha akishaijua kumi vizuri. Chukua trei tupu la mayai thelathini, ukate safu mbili zenye mashimo matano matano. Watoto wakishamung'unya ubuyu, osha mbegu uzitunze. Ajaze mashimo manane, kisha umuulize yamebaki mangapi; mawili anayaona bila kuhesabu. Sasa mpe mbegu tatu. Mbili zinajaza, moja inabaki nje: kumi na moja. Kesho 9 + 4, keshokutwa 7 + 5. Usimtajie jibu, na ukimya wake usikutishe. Akishazoea, funika trei umwambie alione kichwani. Mkitoka hapo ndipo vidole vinaanza kupungua vyenyewe.

Wanaojivunia kwamba mtoto anaimba moja hadi mia, mwombeni awape mbegu saba. Akileta konzi nzima, ameshika wimbo tu, namba bado. Gengeni, mkitoa shilingi 1,000 kwa vitu vya 700, mwacheni atafute chenji kwa kupanda: mia nane, mia tisa, elfu. Na fimbo kwenye hesabu, hapana. Mtoto mwenye hofu hubahatisha.

Ninapokwama ni darasa la tatu. Wapo wanaozijua jozi zote zinazotimiza kumi, kama nane na mbili, wakiwa na trei, lakini ukiwapa 47 + 38 kwenye daftari wanarudi vidoleni, na wakifika kwenye makumi wameshasahau ile moja waliyoibeba. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unawasubiri, na hapo muda una kipimo. Nikiwasukuma waache vidole, baadhi hufunguka. Wengine huanza kuandika chochote ili tu mikono ionekane imetulia. Sijapata njia inayowafaa wote. Kwa sasa nawaachia vidole kwenye mazoezi na kwenye mtihani, na asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza tunarudi kwenye trei, hao wachache na mimi.