Uvimbe Tumboni mwa Mtoto: Maana Yake na Jinsi Unavyotambuliwa

Uvimbe tumboni ni kitu chochote kinachopapasika mahali ambapo tumbo lingepaswa kuwa laini, au kiungo cha ndani kilichokua kupita kiasi chake. Jina hilo halitaji ugonjwa. Hutaja tu kile ambacho mkono umekigusa, na kazi ya daktari ni kujua kimetoka kwenye kiungo kipi na kina nini ndani. Si kila uvimbe ni saratani. Choo kigumu kilichojikusanya, kibofu kilichojaa kwa sababu njia ya mkojo imeziba, bonge la minyoo, na bandama iliyopanuka kutokana na malaria ya mara kwa mara, selimundu au kichocho, vyote hupapasika.

Umri wa mtoto hupunguza maswali mengi. Kwa mtoto mchanga, uvimbe mara nyingi hutoka kwenye figo, hasa figo iliyotanuka kwa mkojo uliokosa njia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha akatoa choo chenye damu na ute, huenda utumbo wake umeingia ndani ya utumbo wenyewe, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Kati ya mwaka mmoja na mitano hufikiriwa zaidi uvimbe wa Wilms, ambao ni saratani ya figo, na nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo. Katika maeneo yenye malaria nyingi huongezeka limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Hiyo hukua kwa kasi ya kutisha: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Mkono unaopapasa taratibu, mtoto akiwa ametulia na magoti yamekunjwa, hupata mengi. Bandama hushuka mtoto anapovuta pumzi, na vidole haviwezi kupenya kati yake na mbavu, ilhali figo iliyovimba husukumwa kutoka mgongoni ikahisiwa mbele. Uvimbe wa Wilms kwa kawaida ni mviringo, hubaki upande mmoja, na mtoto huonekana mzima kabisa, ndiyo maana mara nyingi anayeugundua ni mama anapomwogesha. Nyuroblastoma huwa na vinundu, huvuka katikati ya tumbo, na mtoto huwa amekonda, analalamika mifupa, pengine ana weusi kuzunguka macho. Lakini tofauti hizi huelekeza tu, hazithibitishi. Ninasisitiza hapa jambo moja: tumbo lenye uvimbe lisikandwe nyumbani, wala lisibonyezwe na kila anayepita wodini, kwa kuwa uvimbe wa Wilms unaweza kupasuka na kumwaga seli zake tumboni.

Kipimo cha kwanza cha picha ni altrasaundi. Haina mionzi, haihitaji dawa ya usingizi, na hutenganisha maji na nyama ngumu. Sambamba nayo hupimwa shinikizo la damu, ambalo wengi husahau kwa watoto, na damu kwenye mkojo. Mkojo huohuo unaweza kuonyesha mabaki ya kemikali zinazotolewa na nyuroblastoma, na katika damu, protini iitwayo alfafetoprotini hupanda sana katika saratani nyingi za ini za watoto wadogo. Picha ya kifua huchukuliwa kwa sababu Wilms hupenda kusambaa mapafuni.

Kuchukua kinyama cha uvimbe si hatua ya kila mtoto. Limfoma ya Burkitt haithibitishwi bila seli zake kuonekana kwa darubini, na sampuli hiyo itafutwe haraka. Kwa Wilms, picha na umri vikikubaliana, madaktari katika nchi nyingi huanza dawa za saratani bila kwanza kuchukua kinyama kwa sindano, kisha huitoa figo nzima na kuipeleka maabara.