Gembri, banjo na ule uzi mfupi

Mimi ni mpiga besi na nafundisha besi, kwa hiyo siku ya kwanza kusikia muziki wa Gnawa, wa watu weusi wa Morocco ambao mababu zao walipelekwa huko utumwani, sikio langu halikwenda kwa waimbaji wala kwa wale wanaozungusha vishada vya kofia, lilienda moja kwa moja kwenye gembri. Ni gogo limechongwa likabaki wazi ndani kama kimtumbwi, juu limewambwa ngozi ya shingo ya ngamia, lina mpini na nyuzi tatu za utumbo. Mpigaji anavuta uzi na vidole hivyohivyo vinagonga ngozi, yaani mtu mmoja anakuwa besi na ngoma kwa wakati mmoja.

Sasa angalia nyuzi zenyewe. Kuna mmoja mfupi, haufiki mwisho wa mpini na haubonyezwi kabisa, kila ukiguswa unalia noti ileile. Alafu chukua banjo ya nyuzi tano ya Marekani, nayo ina uzi mfupi hauna kazi nyingine zaidi ya kupigwa kwa dole gumba na kulia noti yake moja. Nenda kwa Wajola wa Senegambia, yaani eneo la Senegal na Gambia, wana akonting, kibuyu kimewambwa ngozi, uzi mfupi upo vilevile! Ngoni, chombo cha nyuzi cha Wabambara wa Mali, nayo ni ya ukoo huohuo. Nikiviona hivi vyombo pamoja naona familia iliyotawanywa kwa nguvu.

Maana watu wa Sahel, ule ukanda wa kusini mwa Sahara, walichukuliwa utumwani kwa njia mbili. Wengine walivushwa jangwa mpaka Marrakech na Fès, hasa baada ya 1591 jeshi la Sultani Ahmad al-Mansur wa Morocco lilipoivunja dola ya Songhai, na ndo maana mpaka leo Wagnawa wanataja Bambara na Sudani (sio nchi ya leo, ni jina la zamani la nchi za watu weusi kusini mwa Sahara) kwenye nyimbo zao. Wengine walipakiwa melini, na Louisiana chini ya Wafaransa ilipokea watu wengi sana wa Senegambia, Wabambara wakiwemo. Mwaka 1819 msanifu majengo Benjamin Latrobe aliwakuta Waafrika New Orleans wakipiga muziki Jumapili, akachora chombo chao cha nyuzi chenye tumbo la kibuyu. Mji huohuo ndo ulikuja kuzaa jazz, na bendi zake za mwanzo zilikuwa na banjo.

Kwenye mdundo ndo pazito zaidi. Wagnawa wanashika karkaba, vile vyuma viwili viwili mkononi, na ukijaribu kuandika kinachochezwa unakwama: sio tatu sawasawa, sio nne sawasawa, kiko katikati, na kadri usiku unavyokwenda kinasogea. Wanafunzi wangu wakiniuliza swingi ya jazz, ule mdundo wake wa kuyumba, ni nini nawapigia hiyo kwanza, wakae nayo dakika kumi bila kuhesabu, kwa sababu mpiga ngoma wa jazz kwenye toazi lake, ile sahani ya chuma, anaishi humohumo katikati. Ongeza besi inayorudia kifungu kimoja, kiongozi anaita na kundi linaitikia, ngazi ya noti tano, hiyo ni bluzi kabisa.

Ila simuungi mkono anayesema Gnawa ndo baba wa jazz. Hawa ni ndugu, kila mmoja alilelewa kwingine. Wa Morocco walibaki na lila, usiku mzima wa kufukiza udi, nguo za rangi na pepo wanaoitwa mmoja mmoja, wakijinasibisha na Bilali, yule mwadhini wa Mtume. Anayeongoza muziki anaitwa maalem, neno lilelile lililotupa sisi mwalimu. Ndugu zao wa South Carolina waliwekewa sheria mwaka 1740 kuwakataza hata ngoma, mdundo ukahamia kwenye makofi na miguu.

Ndo maana namheshimu sana Randy Weston, mpiga piano wa jazz wa Brooklyn, New York. Alihamia Tangier, Morocco, miaka ya mwisho ya 60, akafungua klabu, akakaa na maalem Abdellah El Gourd akijifunza, urafiki wao ukadumu miongo. Hakwenda kutafuta kiungo cha kunogesha jazz yake, alikwenda kwa ndugu.

Pa kuanzia ni albamu The Trance of Seven Colors, iliyorekodiwa Essaouira, Morocco, 1994, Pharoah Sanders kwenye saksofoni na maalem Mahmoud Guinia kwenye gembri. Vaa hedifoni, achana na saksofoni kwa muda, sikiliza chini kabisa, utakisikia kidole kikigonga ngozi.