Kiungo cha katikati cha kiti cha simuleta: tunavyodhani na ilivyo kweli

Kiti cha simuleta ni kile cha kuchezea gemu za kuendesha gari, mota zinakiinamisha kufuata barabara ya kwenye tivii, na kiungo cha katikati ndicho kinachokibeba na kukiacha kiinamie.

DHANA: Chukua bol jointi, inacheza pande zote

Hapa wengi tunaingia mkenge, mimi wa kwanza. Bol jointi, ile yenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, inainama mbele na nyuma, inainama kulia na kushoto, safi, ila inajizungusha pia kama kifuniko cha chupa na huo mzunguko wa tatu hukuuhitaji. Mota zako mbili za waipa ziko nyuma ya kiti, zinasukuma juu chini tu, na rodi zake zina rodi endi (vichwa vinavyocheza pande zote) juu na chini, kwa hiyo hamna kitu kinachozuia kiti kisijigeuze. Cha kwangu cha kwanza kilikuwa hivyo, niko na lori kwenye gemu nashuka mlima, nakanyaga breki kwa mguu wa kulia, pedali imefungwa sakafuni, kiti kinajisogeza taratibu mpaka tivii iko mbele na mimi natazama jiko.

Unachotaka ni krosi, ile ya propela shafti, bomba linalopeleka mzunguko wa enjini kwenye matairi. Msalaba wenye ncha nne, ncha mbili zinakupa kuinama huku, mbili zinakupa kuinama kule, ule wa kujizungusha inaukataa, na ndio maana gari linatembea, ingeukubali propela ingezunguka bure matairi yamelala. Na sio ujanja wa skrepa huu. Edwin Link, Mmarekani aliyekulia kwenye kiwanda cha vinanda cha baba yake, mwaka 1929 alitengeneza kifaa cha kufundishia marubani, kimekaa juu ya krosi hivyo hivyo na kuinamishwa na mivukuto. Kwenye vile vilivyotumika vita vya pili vya dunia, kazi ya kugeuka kushoto kulia ilifanywa chini kwenye kitako, krosi haikuguswa.

DHANA: Krosi ya mtumba haiwezi kubeba mtu

Asee, krosi ya Hiace imepandisha milima na abiria wamejaa mpaka mlangoni, wewe na kiti chako hamvuki sana kilo 100. Nguvu inayo. Tatizo ni kulegea. Pengo la nusu milimita kwenye mkono wa msalaba wa sentimita 4, ukienda sentimita 60 kutoka katikati linakuwa milimita 7 na nusu, kila mota ikibadili mwelekeo unasikia ko! na mgongo unasikia pia.

Kwa hiyo ukiwa dukani shika uma wa juu (kile chuma chenye meno mawili kinachoshika msalaba) mkono mmoja, wa chini mkono mwingine, songoa kama unakamua nguo. Ikisema tik, rudisha. Halafu iinamishe polepole kila upande, ukihisi kama kuna mchanga ndani ujue vile vibeba vya sindano (beringi za kwenye ncha za msalaba) vimekwisha, usidanganywe na grisi mpya iliyopakwa nje inang'aa.

Kingine, toa msalaba kabla ya kuchomelea uma. Yangu fundi aliniambia "bosi tuitoe kwanza" mimi nikasema tuwahi giza, grisi ikachemka ikatoa moshi, sili zikaungua, nikarudi kununua nyingine kesho yake.

DHANA: Ikikaa chini kabisa kiti kinatulia zaidi

Kinyume chake. Uzito wa mtu aliyekaa uko karibu na kitovu, sasa krosi ikiwa chini sakafuni wewe ni kama ndoo juu ya fimbo. Piga hesabu: kilo 100 ziko sentimita 45 juu ya krosi, kiti kimeinama digrii 10, mota zinatakiwa kuzuia karibu newton-mita 77 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Weka nguzo, pandisha krosi mpaka igusane na kiti, ule umbali ubaki sentimita 25, mzigo unashuka mpaka newton-mita 43 hivi. Mota zile zile, karibu nusu ya mzigo, na hujaongeza hata shilingi zaidi ya bomba la nguzo.

DHANA: Mauntingi ya enjini inatosha, ni raba, ni laini

Laini ndio, hiyo raba ya kukalishia enjini kwenye gari, ila inakula mwendo. Mota inasukuma, raba inabonyea kwanza, kiti kinafuata baadaye kikiwa kimechoka, yaani shimo umeshalipita ndio unarushwa. Na raba haina katikati maalumu ya kuinamia, kila ukisogea kiti kinahama kidogo. Niliitumia wiki moja, sasa hivi iko chini ya kompresa ya jirani na huko haina shida kabisa.