Mtoto wa mbwa asitoke kwa mzalishaji bila dozi ya kwanza na kadi

Kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ofisi za mifugo hupokea malalamiko yaleyale. Mtu kanunua mtoto wa mbwa, kaambiwa "huyu kashachanjwa", na wiki haijaisha mnyama anatapika na kuhara damu. Mzalishaji anasema mnunuzi kamlisha vibaya. Mnunuzi anasema kauziwa mgonjwa. Ukiomba kadi ya chanjo, hakuna mwenye nayo.

Msimamo wetu ni kwamba mzalishaji ndiye anayepaswa kuanza chanjo. Dozi ya kwanza ichomwe mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha zipite angalau siku 7 ndipo aondoke. Kuachishwa mama, kubadilishiwa chakula na kusafirishwa ndani ya boksi humdhoofisha, na huo si wakati wa kuanza kujenga kinga. Chanjo hiyo ya mseto hukinga distempa (virusi vinavyoshambulia mapafu, tumbo na ubongo), parvo (virusi vya kutapika na kuhara damu) na homa ya ini ya mbwa. Nyingi huongezewa leptospira, vimelea vya homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022. Na wanaosema distempa ni ugonjwa wa mbwa wa kizungu wakumbuke Serengeti mwaka 1994, virusi hivyohivyo vilipoua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi.

Wapo wanaochanja wakiwa na wiki 3 au 4 wakidhani kuwahi ndiko kukinga. Sivyo. Mtoto aliyenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ana kinga ya mama yake kwenye damu, na kinga hiyo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa parvo hupungua kwa nusu kila baada ya siku kama 10, ila kiwango cha kuanzia hutofautiana hata kwa watoto wa uzao mmoja. Hupita siku ambazo kinga ya mama haitoshi tena kuzuia ugonjwa lakini bado inatosha kuizuia chanjo. Ndiyo maana dozi hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho isichomwe kabla ya wiki 16. Kwa hiyo tusisikie tena kwamba mbwa wa wiki 8 "kamaliza chanjo". Hajamaliza, kaanza. Zilizobaki ni wajibu wa mnunuzi, na mzalishaji amwambie hivyo waziwazi siku ya kumkabidhi.

Chanjo huharibika kirahisi. Itunzwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, isigande, na ibebwe kwenye deli lenye barafu, si mfukoni. Huja na vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu ulioshikamana chini, kingine kina maji yake. Ukishachanganya, tumia papo hapo. Bomba la sindano lililosafishwa kwa spiriti huua virusi hai vya chanjo, na hapo utakuwa umechoma maji matupu. Dozi haigawanywi: mbwa mdogo na mkubwa wote hupata dozi nzima, kwa kawaida mililita 1 chini ya ngozi. Anayehara au mwenye homa asubiri apone. Minyoo iwe imeanza kutibiwa tangu wiki ya 2, maana mingine hupitia tumboni kwa mama na kwenye maziwa.

Sasa kadi. Iwe na tarehe ya kuzaliwa, rangi na jinsia ya mbwa, tarehe ya kila dozi, stika iliyobanduliwa kwenye kichupa ikionyesha namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, tarehe ya kurudi, pamoja na jina, saini na namba ya usajili ya mtaalamu. Stika ikikosekana, uliza. Huduma za veterinari husimamiwa na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, na anayezitoa lazima atambuliwe na Baraza la Veterinari. Kujaza kadi ya chanjo ambayo haikuchomwa ni kughushi, nako ni kosa la jinai.

Kichaa cha mbwa ni chanjo ya peke yake, kuanzia wiki 12. Wakati wa kampeni tunachanja hata walio chini ya umri huo, hivyo usimfiche mtoto wa mbwa ndani; ila lazima arudiwe akishafikisha wiki 12, kisha baada ya mwaka.

Kama nyumbani alishakufa mbwa kwa parvo, usilete mtoto ambaye hajamaliza dozi zote. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo hata mwaka mzima. Sakafu ya saruji ondoa kinyesi chote, osha kwa sabuni, kisha mwagia kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 15 vya maji, uache dakika 10. Uwanja wa udongo hausafishiki hivyo. Hapo chukua mbwa mkubwa mwenye kadi iliyokamilika.