Meno yanasingiziwa mengi

Asubuhi moja ya baridi, Julai hii, bibi mmoja kutoka Kibosho aliingia chumbani kwangu na mjukuu wa miezi saba mgongoni, kamfunga kitenge, juu kamfunika sweta la mtu mzima. Hata kiti hakukitazama. "Daktari, huyu ana meno ya plastiki. Nimeambiwa yang'olewe mapema, yataniulia mtoto." Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, si daktari, lakini hapa Moshi ukishavaa koti jeupe huo ubishi haufiki mbali.

"Shikamoo bibi. Hebu tumwone kwanza."

Nikanawa mikono, nikawasha tochi ya simu, nikapitisha kidole taratibu kwenye fizi. Chini, mbele kabisa, ufizi ulikuwa umetuna na kuwa mwekundu, na katikati yake kuna kijistari cheupe. Nikachukua kijiko cha chuma nikagonga pale kidogo: ti. Bibi akacheka. Jino la kwanza hilo, limefika mlangoni. Kisha nikamwonyesha alichokuwa anakiogopa: vivimbe viwili vyeupe kwenye kona za ufizi wa juu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Ndivyo watu wanavyoviita meno ya plastiki, wengine meno ya nailoni, na kuvisingizia homa na kuharisha.

Vile vivimbe ni chonge. Ni chonge za kawaida za utotoni ambazo bado hazijakomaa, zimelala ndani ya ufizi zikisubiri zamu yao. Kila mtoto anazo. Ukimfungua mdomo mtoto mzima wa afya wa umri huo, anayecheka na kunyonya vizuri, utazikuta palepale. Tofauti ni kwamba huyo hakuna aliyemmulika.

Uvumi huu umeenea Tanzania na nchi jirani tangu miaka ya 1980, na umeumiza watoto wengi. Mng'oaji hutumia kisu, msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi, na chombo kilekile kinahamia kwa mtoto wa pili. Anachochomoa ni jino changa, laini, jeupe, nalo ndilo "plastiki" anayomwonyesha mama. Mtoto wa kilo saba hana damu ya kupoteza. Wapo wanaoishiwa damu, wapo wanaopata pepopunda au usaha unaosambaa mwilini. Wanaopona mimi huwaona miaka kadhaa baadaye: chonge ya ukubwani imeota imepinda, ina doa au haikuota kabisa, kwa sababu mbegu yake ilikuwa imelala jirani na ile iliyochokolewa.

Na kwa nini watu wanaapa kwamba kung'oa kunasaidia? Kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa. Ukimpeleka siku ya nne, siku ya sita anapata nafuu, na mng'oaji anapata sifa.

Huyu mjukuu alikuwa na joto la 38.9, siku ya tatu sasa, anatapika na kuharisha kidogo. Jino halifanyi hivyo. Jino linaloota huleta udenda mwingi, hamu ya kung'ata kila kitu hadi bega la mama, ufizi kuvimba, kulialia usiku, kukataa kijiko, vipele kidevuni kwa sababu ya mate. Joto linaweza kupanda kidogo tu. Likifika 38, acha kufikiria meno, nenda kituo cha afya. Na kama mtoto hajatimiza miezi mitatu, nenda saa hiyohiyo. Bibi nilimsindikiza mwenyewe hadi kwa daktari wa watoto. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo ndio uliosema: maambukizi ya njia ya mkojo.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nami nilishakosea. Miaka yangu ya mwanzo kazini, shemeji yangu anayeishi Mabogini alinipigia simu usiku: mtoto ana homa, anajishika sikio. Nikamjibu kwa usingizi, "Ni meno hayo, atatulia." Kesho yake sikio lilikuwa linatoa usaha. Mpaka leo nikienda kwao chakula napewa, na maneno napewa.

Meno yanasingiziwa kwa sababu yanakuja wakati mbaya. Kwa watoto wengi la kwanza hutoka karibu na miezi sita, ingawa miezi minne ni sawa, na mwaka mzima pia ni sawa. Miezi hiyohiyo kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Miezi hiyohiyo anaanza uji na mtori, anatambaa, anaokota kandambili na kuitia mdomoni. Akiharisha, tafuta sababu kwenye kikombe, mikono na maji. Mpe maji ya ORS na zinki, na usimwachishe ziwa.

Sasa kumtuliza. Dawa ya kwanza ni kidole chako: kucha fupi, mikono imenawa kwa sabuni, unasugua ufizi polepole dakika moja au mbili. Ataking'ata, mwache. Ya pili ni kitambaa cha pamba kisafi, ukilowesha kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kwenye friji, si kwenye barafu. Asiye na friji, maji ya mtungini usiku wa Julai yanatosha kabisa. Kidevu kifute kila mara, paka mafuta mazito ya mgando ili mate yasichubue ngozi. Akitaka kunyonya kila saa, mnyonyeshe. Karoti na kipande cha muwa, ambavyo kina bibi wanavipenda sana, mimi navikataa, maana kikimegeka kinaziba koo. Shanga na kamba za shingoni nazo zivuliwe, hasa anapolala.

Akishindwa kabisa kulala, parasetamo ya maji inaruhusiwa, kwa kilo na si kwa umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, usirudie kabla ya saa sita kupita, na isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa, maana zinatofautiana nguvu. Aspirini hapana. Jeli za ganzi za kupaka kwenye fizi pia hapana, hasa zenye benzokaini: zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na hata hivyo mate huzisomba kabla hazijafanya kazi. Dawa za "kuotesha meno" zinazopita mkononi kwenye mabasi na masoko usiziguse. Mwaka 2008 huko Nigeria, dawa ya maji ya watoto wanaoota meno iliyochanganyika na kemikali ya viwandani iliua watoto zaidi ya 80.

Jino likishachungulia, linapigwa mswaki. Mswaki laini wa mtoto, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na usiku. Na nyinyi wa upande wa Arusha, Maji ya Chai na kwingineko, ambako maji yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa ya kahawia: meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya miaka hii ya mwanzo, kwa hiyo kama mnaweza kupata maji ya mvua kwa ajili ya uji wa mtoto, yatumieni. Na magadi, ambayo nayo yana floraidi, msiweke kwenye chakula chake.

Bibi alirudi baada ya siku tano, mtoto amechangamka, anamvuta hereni. Aliniomba nimulike tena zile kona za juu.

"Na hizi zitatoka lini?"

"Akiwa na mwaka na nusu hivi, bibi."

Akahesabu vidoleni. "Basi mwakani, kahawa ikianza kuiva."